Ufa wa Gego

Oktoba, kabla barafu haijaripoti kazini,
nilikuwa kwenye barabara ya kutoka Tartu kwenda Võru
nikimimina lami ya moto kwenye nyufa nyembamba kama unywele.
Maji yakiingia humo yakaganda, barabara hupasuka kama mkate.
Miaka kumi na tisa nimeifanya kazi hiyo.
Najua ufa unavyodanganya: juu mstari, chini pango.

Kwa hiyo Daktari Urve Kaljuste aliponionyesha gego langu
kwenye skrini, kubwa kama mlima uliopigwa picha kutoka angani,
na bondeni mwake mstari wa rangi ya chai,
sikuuliza ni nini.
Niliuliza: umeshuka hadi wapi?

"Bado uko kwenye ganda la nje. Hakuna tundu.
Sitachimba."

Sitachimba!
Mimi niliyesoma shule yenye keekee ya mkanda,
tukipangwa ukutani, tukisikiliza zamu ya Aivar,
halafu kimya cha Aivar.
Mimi ambaye mama yangu alilaza meno yake kwenye glasi dirishani
na asubuhi moja ya Januari akayakuta yamenaswa kwenye barafu,
yakicheka bila yeye.

"Lakini dawa hiyo si ya watoto?"
"Ufa hauulizi umri, Heldur," akasema, akivuta glavu.

Akasugua. Akaweka asidi ya buluu, nukta moja,
akahesabu polepole kama anayengoja yai lichemke.
Akasuuza, akapuliza, mpaka jino likawa jeupe kama chokaa.
Pamba shavuni, pamba chini ya ulimi:
tone moja la mate, alisema, na kazi yote bure.
Nikaitikia kwa macho, mdomo wazi.
Hata sisi hatumimini penye unyevu.

"Ipo saruji ya glasi, huvumilia mate, lakini hubanduka mapema.
Upo utomvu, hung'ang'ania, lakini hutaka pakavu.
Wewe umekauka vizuri. Utapata utomvu."
Sijawahi kusifiwa hivyo na daktari yeyote.

Utomvu ukateremka bondeni wenyewe, bila kusukumwa.
Kisha taa ya buluu, sekunde ishirini,
na kilichokuwa maji kikawa kitu cha kuumia.

"Na wale wadudu?"
"Waliobaki wako ndani. Tumewafungia bila sukari.
Rudi baada ya miezi sita nione kama mlango umeshika."

Niliwafikiria njia nzima hadi nyumbani,
wamekaa gizani, wakingoja kahawa yangu ya vijiko vitatu.
Nikanywa ya kijiko kimoja. Ilikuwa chungu.
Usipoziba ufa... sina haja ya kumalizia,
ukuta ninaujua:
ni ile glasi dirishani.

Machi, theluji ikiyeyuka, huwa natembea kilomita zile kwa miguu
kuangalia wapi pameshika, wapi pameachia.
Ulimi wangu hauna subira hiyo.
Kila usiku, taa ikizimwa, huenda kukagua.