Kiapo cha Mpeleka Wito

Mimi, Mwinshehe Kondo, mtu mzima, Mwislamu,
mkazi wa Tandika, naapa na kutamka kama ifuatavyo:
kwamba tarehe (nafasi), saa (nafasi),
nilimpelekea mdaiwa wito wa shauri la nyumba
iliyopo Keko Magurumbasi, naye
akapokea / akakataa. Kata lisilohusika.

Fomu ni fupi. Imechapwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka.

Mdai alinisubiri nje ya Baraza, Temeke,
injini ya pikipiki hajaizima.
"Babu, bandika mlangoni, piga picha, rudi.
Andika amekataa. Nauli hii. Na hii ya chai."
Chai ya elfu hamsini.
Birika lake sijawahi kuliona.

Nilikuta mlango wa bati la buluu
umefungwa kwa kamba ya kiatu,
chuma cha vitumbua kimelala kifudifudi jikoni.
Jirani, mikono imejaa povu:
"Siwatu? Yuko Muhimbili na mdogo wake, wiki ya pili.
Hajamkimbia mtu. Anauguza."

Gundi ninayo mfukoni, sikatai.
Lakini kubandika kuna amri yake, huombwa kwanza,
hutolewa na mwenyekiti wa Baraza, si na mwenye pikipiki.
Hilo nalijua mwaka wa kumi na tisa sasa,
na mwaka mmoja kati ya hiyo
nilijifanya silijui.

Mtoni kwa Aziz Ali.
Karatasi niliibandika asubuhi,
mvua ya vuli ikaibandua mchana.
Nikaapa. Muhuri ukalia to! juu ya neno langu,
shauri likasikilizwa upande mmoja,
na siku dalali alipokuja na vijana na fuso
nilikuwa napita, wallahi napita tu:
kitanda barabarani, ndoo, madaftari ya shule,
kioo cha kabati kimelazwa chali
kinatazama mawingu kana kwamba ndiyo dari.
Mama mwenye nyumba akimuuliza kila mtu, hata mimi,
"Kesi gani? Lini? Nani aliniita?"
Nikasema sijui, mama.

Basi nikavuka mji.
Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado.
Nikakaa kwenye benchi, bahasha magotini,
kama mtu aliyeleta uji.
Alitoka na chupa tupu, kanga imekunjamana.
Nikamsomea yote, hata namba ya shauri,
hata jina la mtoto wa kaka yake pale juu.
Akacheka kidogo. "Huyu nilimwogesha mimi."
Kisha: "Kumi na nane ni siku gani?"
Jumanne, saa tatu asubuhi.
"Na mimi nisiyesoma, watanisikiliza?"
Ukifika, watakusikiliza. Njoo na kila karatasi,
hata risiti ya mchanga.

Kidau changu cha wino kilikuwa kimekauka.
Tukaazima cha nesi.
Dole gumba lake liliacha alama yenye kovu katikati,
kovu la mafuta ya moto.

Nyumba ni ya nani, sijui, na si juu yangu.
Juu yangu ni hodi.

Neno "akakataa" nimelikata mistari miwili.
Gharama: nauli ya Keko, nauli ya Muhimbili.
Chai: imerudishwa.
Yaliyomo humu ni kweli
kwa kadiri ninavyofahamu na kuamini.

Ya Mtoni hayamo.
Fomu haina nafasi.