Bandama

Miaka thelathini buchani Isevya
nimeirusha bandama kwa mbwa bila kuitazama.
Wateja wanataka maini, figo, utumbo wa supu;
hiyo nyeusi ya kando, laini kama ulimi,
hakuna aliyewahi kuniuliza bei.

Kisha utumbo wangu mwenyewe ukaota uvimbe.
Nilipozinduka, Daktari Mihayo alikuwa miguuni pa kitanda,
akasema kama anayerudisha chenji pungufu:
"Saratani tumeikata, mzee Shija.
Ila ilijibanza konani, juu kushoto.
Tukivuta, bandama ikachanika,
damu ikagoma kusimama.
Tukaitoa."

Sikumlaumu. Kisu nakijua,
huteleza hata mkononi mwa fundi.

Nikauliza, nitaishi?
"Waliotolewa yao hivyo," akasema,
"vitabuni wengi hawafiki walikofika wenzao."
Akatazama dirisha muda mrefu.
"Lakini wewe si kitabu."

Huu mwaka wa saba.
Nikipata homa, hata ya kukohoa tu,
Kabula anafunga genge lake,
ananipakia bodaboda usiku ule ule,
vidonge mfukoni vikicheza kama njugu.
Mafua ya mjukuu nayakimbia kama deni.

Alfajiri, machinjioni, napasua mbuzi
naikuta palepale inapojificha.
Mbwa wamekaa, masikio juu.
Siku hizi naishika kwanza.
Bado ina joto.

Yangu sijui ilitupwa wapi.
Sikuuliza.