Mlinzi wa Ghala, Mahuta

Nesi Asumini alichora askari ubaoni,
kofia, bunduki, meno nje,
akasema: hawa ndio chembe nyeupe za damu,
wanalinda mwili usiku na mchana.
Nikacheka. Wenzangu wakageuka.
Mimi ni mlinzi wa ghala la korosho hapa Mahuta,
miaka kumi na minne, rungu na tochi,
na sijawahi kumwona askari
anayelinda usiku na mchana.

"Tunasinzia," nilimwambia.
"Na mwizi wa kweli haruki ukuta.
Huja na karatasi."

Akaweka chaki mezani.
"Basi, mzee Chilumba, umeelewa
kuliko nilivyochora."

Ndivyo alivyo huyu kirusi.
Malaria ni panya: utamsikia anavyotafuna,
homa inapiga kelele, nyumba nzima inaamka.
Huyu huingia ofisini kwa karani,
humvua sare, huivaa,
hukalia kiti kile kile,
huvuta muhuri, wino, kitabu cha stakabadhi,
akaanza kujiandika yeye.
Nakala. Nakala. Nakala.
Karani hufia juu ya meza
na nakala zinatoka mlangoni kutafuta makarani wengine.
Nje, ukuta una chokaa. Kufuli linang'aa.
Miaka mitano, minane, unapita barabarani,
watu wanakuita, "Mzima wewe?"
nawe unaitikia, "Mzima."

Kaka yangu Mfaume naye aliitikia hivyo.
Kisha ukaja ukurutu, utandu mweupe mdomoni,
kikohozi kisichojua Ijumaa wala Jumapili,
vitu ambavyo ghala lenye watu huvifagia asubuhi
kabla chai haijachemka.
Ghala lake halikuwa na mtu.
Kuvu juu ya magunia, mchwa ukutani,
na mdudu ambaye jana ungemponda kwa kidole
amelala katikati ya chumba kama mwenye nyumba.
Huo ndio UKIMWI, alisema nesi:
si mwizi. Ni ghala tupu.

Sisi tulisema amerogwa huko Nanyamba
kwa ajili ya mikorosho kumi na miwili.
Wengine walisema amekanyaga waya.
Mama alimtengea sahani yake peke yake,
ya bluu, yenye pengo.
Ipo kabatini hadi leo.
Hakuna aliyeitupa, hakuna aliyeilia.

Dawa hazimfukuzi. Hili nilibishana nalo wiki nzima.
Yupo, amelala nyuma ya magunia,
kwenye kona ambayo tochi haifiki.
Dawa humnyang'anya wino.
Anabaki na muhuri mkavu,
anagonga, anagonga, karatasi inabaki nyeupe,
na makarani wanarudi mmoja mmoja,
wanafungua madirisha, wanaulizana fagio liko wapi.
Lakini ruka usiku mmoja, wa pili,
msimu wa mnada, fedha mkononi, "nitameza kesho",
wino unajaa tena,
na safari hii amejifunza kuandika kwa mkaa.

Kipimo cha Agosti: virusi havionekani.
Somoe, mke wangu, alipima pia. Hana.
Alisoma karatasi mara mbili,
akanitazama kama mtu aliyehesabu magunia
na hesabu ikakubali.
Kisha akauliza kama nimenunua chumvi.

Saa tatu usiku simu inalia mfukoni.
Naweka rungu chini. Kidonge kimoja,
maji ya kidumu, maji ya huku juu, ya kununua, hayamwagwi.
Chande, mwenzangu wa zamu, aliniuliza zamani
nameza nini kila siku. Nikamjibu: presha.
Leo nimemwambia.

Amekaa kimya. Ameangalia kufuli.
Kisha amenyoosha mkono, akachukua kidumu,
akanywa pale pale nilipoweka mdomo,
akalalamika
kwamba maji yananuka mafuta ya taa.