Sanduku Limetangulia

Jumatatu tulilipakia kwenye basi, stendi ya Masasi:
sanduku la bati la marehemu shangazi Somoe,
ubavuni KAPIRI MPOSHI kwa rangi iliyobaki ya mlango,
S ya fundi Mchopa imetazama nyuma.

Leo Ijumaa natafuta kitana.
Kimo sandukuni.
Kanga ya kuogea, sandukuni.
Najifunga ya mama, inaishia magotini.

Huenda sasa hivi treni iko Tunduma,
askari wa forodha kainua kifuniko,
anaonja korosho nilizozificha chini ya shuka.

Pasipoti yangu bado iko Mtwara
kwa bwana wa kesho-kesho.

Mama hasemi kitu.
Jana kanipakulia kwenye sahani ya wageni.

Sanduku lile halikuaga,
wala hakuna aliyeliuliza
litarudi lini.