Hezi Sitini na Mbili

Nimeikata kwa pembe: nyuzi thelathini na tano na robo.
Si mimi, ni kiwanda; lakini nasema "nimeikata"
kama mpishi asemavyo "nimechinja"
naye kaletewa kuku keshanyonyolewa.
Pembe hiyo ndiyo inayoifanya isitishwe na joto,
na hapa Changanyikeni, mwezi Machi,
kisichotishwa na joto ni cha kutunzwa.

Kiduara cha kwatzi, upana wa kifungo cha koti.
Dhahabu uso huu, dhahabu uso wa pili.
Ukiitia umeme inajinyonga,
ukiinyonga inatoa umeme.
Mara milioni kumi kwa sekunde
inateleza kushoto, inarudi kulia,
na jicho lako halioni kitu.

Fundi saa Jivani, Mtaa wa Aggrey,
alinigongea kioo cha saa yangu kwa ukucha:
"Na humu kamo kajiwe. Nyie mnaamini mishale tu,
hamumuulizi anayeisukuma."
Nikanunua betri mbili nisizozihitaji.

Juma zima tulibishana na Dokta Kaishozi juu ya unene.
Yeye alitaka nusu yake: unene ukipungua nusu,
mtetemo huongezeka mara mbili,
usikivu mara nne.
"Mara nne, Tumsifu!"
Nikasema itapasuka.
Ikapasuka.
Ya kwanza mdomoni mwa kibano.
Ya pili nilipokaza mpira wa kuzuia maji.
Ya tatu hatujui; tuliikuta asubuhi, vipande viwili,
na mlango ulikuwa umefungwa.
Tukairudia ile nene kidogo, isiyosikia yote.
Tangu hapo nami nalala usiku.

Juu ya dhahabu nikapaka kingamwili
za kuikamata sumukuvu,
tone kwa tone, kama unavyomtia mtoto dawa ya macho.
Kisha nikaletea karanga.

Karanga za Bi Zamoyoni wa Tandale,
anayenipimia kwa kopo la maziwa
kisha huongeza kiganja: "Hii ya njiani."
Sikumwambia nazipeleka wapi.
Nilitaka tu zilizo safi,
za kulinganishia na zile mbovu.

Mstari kwenye skrini ulikuwa umenyooka.
Nikadondosha.
Ukaanza kushuka, bila haraka,
kama mtu anayekalia kiti asichokiamini.
Hezi kumi.
Thelathini.
Sitini na mbili, ukatulia.
Uzito ambao mizani zote za Tandale
ukizipanga pamoja zisingeuona.

Nikasema ni unyevu.
Nikasema ni kiyoyozi, umeme si ulikatika saa nne?
Nikasema ni pumzi yangu, nikarudi nyuma hatua mbili.
Nikaosha, nikarudia: hamsini na tisa.
Nikaosha, nikarudia: sitini na nne.
Nikapitisha maji matupu, mstari haukujali.
Fuwele haijui karanga ni za nani.
Hilo ndilo tuliloliomba tulipoichora,
tukaliandika kabisa kwenye ombi la fedha, ukurasa wa tatu:
isiwe na upendeleo.

Dokta akapiga makofi. Akapiga picha skrini.
Mimi nikakunja koti la maabara
nikalikunjua, nikalikunja tena.

Jioni nilimkuta anapepeta, ungo magotini,
maganda yakimkalia kwenye nywele.
Akanyoosha kopo. Kiganja cha njiani kikafuata.
Nikapokea.
"Bi Zamoyoni, gunia hili lililala wapi?"

Ungo ukasimama.
Sikuwa na waya wala skrini,
mikono yangu ilijaa karanga,
lakini kuna kitu kilishuka kati yetu
nami nikakihesabu.

"Sakafuni," akasema. "Zile mvua za vuli.
Kwani vipi?"