Daftari la Zafarani

Alianguka Ijumaa, nyuma ya mitende yetu, Ibra,
katikati ya mbio, bila sungura, bila sababu,
kama shuka iliyokatikiwa na kamba.
Akainuka mwenyewe, akajikung'uta mchanga,
akatutazama kana kwamba sisi ndio tulioanguka.

Kaka yangu Suud akasema: joto.
Jirani akasema: jicho.
Mimi nikamfunua mdomo. Ufizi mweupe
kama maji ya mchele.

Mwendo wa saa moja u nusu hadi Maskati,
kichwa chake dirishani, kiyoyozi kikilia bure.
Daktari Sreeja akaniweka vidole viwili ndani ya paja lake:
"Si gumba. Gumba lina moyo wake, litakudanganya."
Nikasubiri.
Du, du, du.
"Akivuta pumzi moyo unakimbia, akishusha unatulia.
Hiyo si ila, ndivyo mbwa walivyo. Sasa ngoja."
Du, du.

(Nikadhani nimepotea hesabu.)

Du.
"Hapo," akasema. "Hapo ndipo tunapopatafuta."

Kifua kikanyolewa, waya zikabandikwa saba,
fulana ya buluu juu yake, na mgongoni
kijimashine kama kiberiti, kisikivu kuliko sote.
Nami nikakabidhiwa daftari: kila alifanyalo,
usiku na mchana, mpaka kesho saa hizi.

*Saa kumi na moja jioni.* Amekunywa maji ya falaji.
Nimemzuia kukimbia. Amenichukia.
*Magharibi.* Adhana. Masikio juu. Moyo, sijui.
*Saa mbili usiku.* Mama amepita na ndoo,
amekunja kanga isimguse.
(Mama hajawahi kumtaja Zafarani kwa jina.
Humwita "huyo", na ufagio hujua nani anaambiwa.)
*Saa nne.* Amelala. Pumzi kumi na nane kwa dakika.
*Saa sita.* Pumzi kumi na tisa. Macho yangu mazito.

Baada ya hapo hakuna mwandiko wangu.

Asubuhi nikakuta mistari nisiyoiandika mimi,
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa chuoni,
wa Unguja ile ambayo mama haizungumzii:

*Saa tisa na robo. Huyo kashtuka usingizini, miguu yakimbia.
Kisha kalegea, nikadhani ndiyo basi.
Pumzi thelathini na nne. Nimehesabu mara mbili kwa tasbihi.
Sasa ishirini. Katulia.*

Na chini, kwa wino mwingine:
*Ufizi sikutazama. Nina udhu.*

Daktari alikunjua karatasi ndefu mezani,
milima yake midogo, sawa, sawa, sawa,
mpaka saa tisa na robo, mistari ikavurugika
kama uzi uliochezewa na paka.
"Nani alikuwa macho?"
Nikamwambia.
"Basi mwambie asante. Haponi huyu. Lakini anatunzika."

Nusu kidonge alfajiri, nusu jioni,
saa ile ile, asirukiwe hata siku moja,
asiachiwe mbio, asifungiwe juani.
Kidonge hufichwa ndani ya tende isiyo kokwa.

Sitasema mama amebadilika.
Bado hukunja kanga. Bado "huyo".
Ila tangu mwezi uliopita
mwiko mmoja, ule mrefu kuliko yote,
haurudi jikoni.