Kiwiko

Jumatano jioni, ghorofa ya pili, chuo cha mtaa hapa Burslem,
kipasha joto kinakohoa
na Bi Hallam anachora ubaoni mwili usio na uso.
"Hisia," anauliza, "huanzia wapi?"
Wa mbele wanajibu: kichwani. Mimi nanyamaza.
Lugha iliyonilea haijawahi kukubali hilo.
Kwetu haya huonwa, baridi husikiwa,
hasira hupanda kama homa,
na hofu humshika mtu
kama mdai aliyemvizia mlangoni.

Kisha akachora piramidi.
Chini chakula, maji, usingizi;
juu kabisa, mtu kuwa yule awezaye kuwa.
Hupandi ngazi ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza.
Nikanakili vizuri, kwa rula,
tumbo likinguruma,
maana mshahara uliingia Ijumaa
na Jumamosi asubuhi ulikwisha fika Korogwe:
ada ya Shemahonge, bati za jiko la mama.
Nikaligeuza daftari juu chini.
Piramidi yangu imesimama kwa ncha.
Haijaanguka bado.

Alhamisi, saa kumi na mbili alfajiri, nina zamu.
Bwana Machin, chumba namba tisa.
Miaka arobaini alifinyanga vikombe vya watu wengine
hadi mshipa mmoja ulipopasuka kichwani
ukamwachia neno moja tu:
Jumanne.
Chai ni Jumanne. Choo ni Jumanne.
Binti yake aliyeacha kuja ni Jumanne ndefu,
inayoshuka mwishoni
kama mtu anayekaa kitini na mgongo unauma.
Na maji yakiwa ya moto mno
ni Jumanne! fupi, imetoka na mate.
Kitabu kinasema lugha ni sauti, sarufi na maana.
Sijui kingemweka ukurasa gani huyu
asemaye yote na hana maneno.

Mimi nami siku hizi naibiwa.
Juzi nilimwambia Mwanahawa kwenye simu
kwamba nimeteleza kwenye barafu.
"Umeumia wapi?"
"Hapa. Mkono unapokunjikia."
"Begani?"
"Siyo."
"Kifundoni?"
"Siyo, bwana, hapa katikati!"
Neno la Kiingereza likaja mbio, limeshavaa viatu;
nikalifungia mlango.
Lile letu likakaa kwenye ncha ya ulimi,
linaning'iniza miguu, halishuki.
"Haya, umeshakuwa Mzungu," akasema, akacheka,
nami nikacheka.
Nilipokata simu machozi yalitangulia,
huzuni ikafuata nyuma, inahema, inauliza kuna nini.

Bi Hallam alishatuambia: huenda ndivyo ilivyo,
kwamba hatukimbii kwa kuwa tumeogopa,
tunaogopa kwa kuwa tumejikuta tunakimbia.
Darasa zima lilicheka.
Mimi nililipigia mstari.

Leo asubuhi namwosha Bwana Machin.
Mikono yake iko ndani ya beseni, povu jingi,
na ghafla inaanza kazi.
Kidole gumba kinazama katikati,
kiganja cha pili kinazunguka nje, kinapandisha ukuta,
polepole, kwa unyevu uleule wa zamani.
Anafinyanga povu.
Kikombe kinasimama, kinavunjika, anaanza kingine.
Mshipa uliobeba maneno yote
haukujua njia ya kufika vidoleni.

Anainama mno. Namdaka mkono asiteleze,
pale, pale unapokunjikia,
mfupa mkavu kama kokwa umejaa kiganjani mwangu,
na kinywa changu kinasema bila kuniuliza:
"Kiwiko."

Akaacha kuzungusha. Akanitazama.
"Kiwiko," nikarudia, kwa sauti, kama mwehu.
Akafikiri. Niliona akifikiri,
niliona lile jambo likipita usoni mwake,
likitafuta pa kutokea.
"Jumanne," akasema,
kwa upole wa mtu anayemsahihisha mwenzake.

Maji yalikuwa yanapoa.
Nikaongeza ya moto kidogo
na mkono wa pili hatukuuharakisha.